Sakafu Yenye Joto

Nilikanyaga sakafu peku, nikashtuka. Ilikuwa na joto.

Majira kumi na moja ya baridi nimeyapitisha na blanketi mbili, maana humu kasrini mke asiyeitwa na Mfalme hawashiwi moto chini ya sakafu. Joto likanipanda mpaka magotini. Nikajua leo naitwa. Nikakimbilia kioo.

Nilikuwa nimeshachora unyusi mmoja niliposikia mtu anakohoa nje. Nikafungua dirisha. Towashi mmoja, uso mzima masizi, alikuwa amejikunja kwenye shimo la moto chini ya baraza yangu.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza. "Mfalme mwenyewe?"

Akautazama ule unyusi, kisha ukuta, kisha paa.

"Kwani hapa si kwa Bibi mpya?"

"Bibi mpya yuko ua wa pili."

"Mama yangu!" Akapiga magoti. "Nihurumie, Bibi. Mimi Deshun, nimeletwa huku juzi tu. Nyua zenu zote pacha, kuta nyekundu, vigae vya njano, hata milango! Wakijua wataniua kwa viboko. Ngoja nizime."

Akashika koleo. Vidole vyangu vya miguu, ambavyo nilishazoea kutovisikia, vilikuwa vinawasha kwa joto.

"Usizime," nikasema. "Kamwashie na yeye. Mimi sisemi."

Akashukuru mpaka paji la uso likagusa mawe, akabeba kikapu chake cha mkaa. Alikuwa ameshafika langoni nilipomwita.

"We Deshun!"

"Naam, Bibi?"

"Na kesho ukosee tena."