Mstari Mweupe Kwenye Ekseli

Trekta halikuwa limewaka tangu mwaka juzi, na magurudumu yake ya nyuma yalikuwa yameachana mno hata yasiweze kuingia kwenye lori. Mzee Mbonea alilipiga jeki, akalegeza nati za gurudumu la kwanza. Kabla ya kulisogeza ndani kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, alichora mstari mweupe pale lilipokuwa.

"Likitoka kwa fundi tunalirudisha hapa hapa," alimwambia mwanawe, Eliapenda. "Ndio upana wa matuta yetu."

"Sawa, baba."

Dereva wa lori alicheka. "Mzee, alama ya nini tena? Si linakwenda kukatwa chuma chakavu? Kijana wako mwenyewe ndiye aliyeniita."

Mbonea alimgeukia mwanawe. Eliapenda alikuwa akikaza kamba iliyokwisha kukazwa.

Mzee alihamishia jeki upande wa pili, akalegeza nati.

"Njoo unishikie kopo la rangi."

Eliapenda alikuja, akalishika kwa mikono miwili. Baba yake alichovya brashi, akachora mstari wa pili taratibu, bila kuupinda. Rangi ilidondokea kiatu cha kijana, naye hakuthubutu kuusogeza mguu.