Mkate wa Pili

Kengele ya kaunta ililia, na tajiri wa duka la mikate akapaza sauti kama mnadi: "Na wa kwangu!"

Wateja wakapiga makofi. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipotoa ahadi yake: kila mkazi wa mji atakayelipia mkate mmoja kwa ajili ya wenye shida, yeye ataongeza wa pili. Mteja hakuuona mkate aliolipia. Alitoa pesa, akasikia kengele, akaenda zake na moyo mweupe. Mikate yote miwili ilitokea mlango wa nyuma, ilikokuwa foleni ya walioachishwa kazi, waliofiwa, na waliofukuzwa vyumbani kwa kukosa kodi.

Nyuma ya ukuta, fundi wa tanuri aliisikia kengele na kuendelea kukanda. Mikate ya wahitaji aliikanda mwenyewe, juu ya meza yake, mlango ukiwa umefungwa. Wenzake walisema cheo kimemlewesha: tangu siku ya ahadi alikuwa amefanywa msimamizi, akakabidhiwa ufunguo wa stoo ya unga na makopo ya hamira.

"Msimamizi wetu hataki tumguse mwanawe," alitania mmoja wa wapakizi.

"Kinyunya cha unga hakitaki mikono mingi," alijibu, akafunga mlango.

Dada yake ndiye aliyekuwa wa kwanza katika foleni. Nafasi hiyo fundi ndiye aliyemtafutia. Mumewe alikuwa amefariki, kiwanda alichofanyia kazi yeye mwenyewe kilikuwa kimefungwa, na binti yake alizaliwa na tundu moyoni. Mtaa mzima ulimwita mtoto huyo Chiriku, kwa kuwa hakujua kunyamaza.

"Mjomba, leo umetia nini?" Chiriku aliuliza, akiunusa mkate.

"Nimetia baraka."

"Hata jana ulitia hiyo hiyo. Kesho tia sukari."

Dada akacheka, akaupimapima mkate kiganjani. "Kaka, mikate yako siku hizi imenawiri kama bibi harusi. Lakini ukiishika! Utadhani ahadi ya mchumba: machoni tele, mkononi hamna kitu."

"Ni hamira nzuri. Tumbo la mgonjwa linataka kitu chepesi."

"Na wewe mbona huonji hata kipande?"

"Mwokaji hushiba harufu, dada yangu."

Daktari alikuwa amesema kwa uwazi. Mabingwa wa moyo walikuwa wageni, nao wangeondoka mwisho wa mwezi. Mtoto akiongeza uzito, atapasuliwa. Asipoongeza, hatavumilia kisu. Basi dada akamlisha Chiriku mkate mmoja asubuhi na mwingine jioni, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kingine, naye mwenyewe akalala na maji ya moto tumboni.

Chiriku aliila yote, akaokota hata makombo. Mshale wa mizani ya hospitali haukusogea. Walipokwenda tena, ulikuwa umerudi nyuma.

"Labda ni minyoo," dada alisema mlangoni. "Au namlisha vibaya? Kitoto kama hiki, mikate miwili mizima kwa siku! Inakwenda wapi, kaka?"

Kesho yake kaka akamtolea mkate wa tatu, aliokuwa ameuficha chini ya aproni. Dada akalia, akamwombea maisha marefu.

Jumapili hiyo tajiri aliitwa kwenye ukumbi wa mji, akavishwa nishani mbele ya watu. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu. "Mimi sina nilichofanya," alisema. "Waliotoa ni ninyi." Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia unyenyekevu wake.

Siku ya mwisho ya mabingwa, muuguzi alimpandisha Chiriku kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Daktari akatazama, akatikisa kichwa, akamwita mtoto aliyefuata. Chiriku hakuuliza neno. Wakati huo alikuwa hasemi tena.

Dada alipitia mlango wa nyuma kabla ya kwenda nyumbani, mtoto akiwa amemlalia begani.

"Hawakumchukua," alisema.

Fundi alisimama na unga mikononi, asijue pa kuiweka.

"Usijilaumu, kaka. Kuna wengine wana ndugu matajiri, na hawajapata hata kombo. Ndugu ni kufaana. Wewe umenifaa."

"Kesho njoo mapema," alisema hatimaye. "Nitakuwekea."

Alimtazama hadi alipopinda kona, kisha akafunga mlango kwa ufunguo. Upande wa pili wa ukuta kengele ililia. Mtu mwema alikuwa amelipia mkate.

"Na wa kwangu!" tajiri akanadi, na makofi yakafuata.

Fundi alijifuta macho kwa ncha ya aproni. Akapima kinyunya cha mkate mmoja, akaongeza hamira, akakikanda hadi kikalainika. Kisha, kama alivyofanya tangu siku ya ahadi, akachukua kisu, akakikata katikati, na kila nusu akaitia katika bati lake la kuokea.