Shule Isiyopindua Mashua

Nisikilizeni, maana kisa hiki bado kinanichoma. Korongo alifungua shule ya kufundisha wanyama, wakubwa kwa wadogo, kuendesha vimashua vya tanga ziwani. Alijigamba kwamba hajawahi kupinduka mwanafunzi wake hata mmoja. Wangepindukaje, na masomo yote yalikuwa mchangani?

Mama Nungunungu alichoka kuvuta kamba ya tanga nchi kavu. Akasukuma kimashua majini, kikapinduka. Akapanda juu ya ubao uliotokeza chini ya mashua, akauegemea kwa uzito wake wote, mashua ikainuka. Akaipindua tena makusudi, akaiinua tena, anacheka.

"Mtu mzima ovyo!" Korongo alifoka. "Unaichafulia shule jina. Toka!"

"Lakini Mwalimu, hiki si ndicho nilichokuja kujifunza?"

"Nimesema toka!"

Siku ya wazazi, Korongo alimpakia Sungura mdogo, wakaingia ziwani kwa mara ya kwanza. Upepo ukawapiga ubavuni, mashua ikapinduka. Korongo akaruka zake, akatua ufukweni, akaanza kupiga kelele: "Vuta kamba! Vuta kamba!"

Mtoto alikuwa anakunywa maji. Nungunungu, aliyekuwa akitazama kutoka ufukweni, ndiye aliyejitosa, akaiinua mashua, akampakia, akamrudisha.

"Mmeona wenyewe," Korongo aliwaambia wazazi bila haya. "Shuleni kwangu hazami mtu."

Sungura mdogo alikohoa maji, akamtazama. "Wewe ndiye ambaye hukuzama, Mwalimu. Una mabawa."

Kisha akamshika Nungunungu mkono. "Shangazi, twende ukanipindue tena."