Dirisha la Nyuma

Sheria ilisema jengo likishahifadhiwa, litumike kama lilivyotumika siku lilipofunguliwa. Ndiyo maana Aikande, aliyekabidhiwa baa kongwe ya mjini Moshi, iliyofunguliwa enzi za mkoloni, aitunze na kuishi humo, aliwahudumia Wazungu kwenye kaunta ya mninga, chini ya dari ya mbao iliyochongwa, na Waafrika kwenye dirisha dogo la nyuma, karibu na kuni. Mlango wa mbele wenyewe ulizitambua sura, ukawafungukia Wazungu tu.

Jumamosi moja baba yake, mzee Elirehema, alikuja kumtembelea na mkungu wa ndizi. Aliusukuma mlango wa mbele, haukufunguka. Watalii waliokaa barazani waliinamisha macho. Mzee akazunguka nyuma.

"Shikamoo, baba," Aikande alisema dirishani.

"Marahaba, mama. Kiu imenishika."

Aikande alimimina bia, akamsogezea. Mzee hakuigusa. Aliitazama, kisha akamtazama bintiye, na hapo ndipo Aikande alipoona alichofanya. Alikuwa amemmiminia kwenye kikombe cha bati, kama wateja wote wa dirishani. Bilauri zilikuwa pale pale karibu naye, na hakuna sheria yoyote iliyotaja vikombe.

Uso ulimwaka kwa aibu.

"Baba, lete nikubadilishie."

"Acha tu," mzee alisema kwa upole. "Umeshazoea."

Akanywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Kengele ya kaunta ikalia. Aikande alikuwa bado amekishika kikombe cha baba yake, lakini miguu ilikuwa imeshageuka kuelekea kwa Wazungu.