Nukta Zilizohama

Nukta zilikuwa zimehama tena.

Mwalimu Wagdi alizima mota ya mashine, akapuliza vumbi la mbao, akainamia kibao. Mstari wa juu, wenye jina la binti yake Yomna, ulikuwa umechongwa ukachongeka. Mstari wa chini, ulio upande aliosimama yeye, ulitakiwa kusomeka, kwa herufi za Kiarabu, "Daktari wa Meno". Lakini katikati ya kazi mashine ilipotea njia, na nukta zote zikaangukia herufi za jirani.

"Hebu nisome," alisema shemeji yake Safwat, kikombe cha chai mkononi. "Shemeji, hili si neno. Hii ni chafya."

Kilikuwa kibao cha nne kuharibika, na kliniki ya Yomna ilikuwa inafunguliwa Alhamisi.

Safwat, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa kuchonga kwa mkono, kama baba yake, kama nusu ya wanaume wa Dumyat, mji wao wa mafundi samani. Tangu Wagdi astaafu kufundisha hesabu na kujiundia mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, Safwat hakukosa kuja kila siku kuitazama, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa asiyempenda.

"Niachie mimi," alisema. "Saa mbili tu, na patasi yangu."

"Patasi yako kachokonolee meno."

Wagdi alikaza nati zote, hata zile zisizolegea. Akabadilisha mkanda. Akautenga waya wa mota na waya wa friji. Akapunguza kasi mpaka mashine ikawa inatambaa kama konokono mwenye baridi yabisi. Na kila alipojaribu upya alisogea karibu zaidi, macho kwenye ncha ya kisu, kosa lisimpite. Kila mara mstari wa chini uliharibika.

"Mashine hii ni kama kipofu anayehesabu hatua kwenda msikitini," alimweleza mkewe, Inas. "Hesabu yake haikosei. Lakini mtu akimpiga kikumbo njiani, yeye haelewi, anaendelea kuhesabu tu. Mwisho anajikuta kwa muuza samaki."

"Basi kuna anayempiga kikumbo," alisema Inas, akimwekea sahani ya basbusa, keki yake tamu ya shira, ya pili tangu asubuhi.

Wagdi aliacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria.

Jumatatu Yomna aliwaita yeye na Safwat wakamsaidie kupandisha kiti cha wagonjwa ghorofa ya tatu. Wagdi aliiacha mashine ikichonga maneno yale yale kwenye ubao mwembamba wa majaribio. Aliporudi, alikuta kila nukta juu ya herufi yake.

"Umeona?" alimnong'oneza mkewe. "Safwat akiwa hapa, nukta zinahama. Safwat akiwa mbali, zinatulia. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza."

"Kaka yangu? Safwat huyu anayekimbia mende?"

"Anaogopa mashine itamnyang'anya tonge."

Jumatano ulibaki ubao mmoja mzuri. Wagdi alificha simu yake kati ya makopo ya vanishi, ikirekodi mashine yote na kiti cha mgeni. Kisha akasimama mahali pake, akainama, akalinda. Safwat akaja, akaketi, akanywa chai. Mara moja tu Wagdi alilazimika kutoka, kumfungulia mlango mtu wa mitungi ya gesi.

Mstari wa chini ulipokwisha, nukta zilikuwa zimehama.

Safari hii hakupiga kelele. Alimpigia Yomna aje, akamwita Inas kutoka jikoni, akamkalisha Safwat kwenye kochi mbele ya runinga, akaiunganisha simu.

"Shemeji," alisema, "nyumba hii ina hasidi. Leo tutamwona kwa macho. Na nikiwa nimekusingizia, nitakuomba radhi mbele ya hawa, na kibao cha mwanangu utakichonga wewe kwa patasi yako."

Safwat alibadilika rangi. "Shemeji, kuna kitu kidogo ningependa kukwambia kabla..."

"Umechelewa!"

"Baba, wewe umeshaitazama hiyo video?" aliuliza Yomna.

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja. Bahasha hufunguliwa mbele ya wote."

Video ikaanza. Mashine ilichonga mstari wa juu, polepole, bila kosa. Kengele ya mlango ikasikika, kisha ndara za Wagdi zikiondoka. Kwenye kiti, Safwat aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akainuka, akainyemelea mashine.

"Haya, tazameni mkono wake!" Wagdi aliruka kutoka kwenye kochi. "Tazameni!"

Mkono ukanyooka, ukapita juu ya mashine, ukachukua kipande cha mwisho cha basbusa kwenye sahani ya Wagdi, ukarudi. Safwat akaketi, akatafuna haraka haraka. Mashine haikutikisika.

"Nilitaka kukwambia," alisema Safwat kwa sauti ndogo.

"Subirini," alisema Wagdi. "Subirini kwanza. Bado mstari wa chini."

Ndara zikarudi. Boriti ya mashine, ile inayobeba kisu, ikaanza kusogea kuelekea ukingo wa meza, kufuata mstari wa chini. Ndipo kitu cha mviringo kikaingia taratibu kwenye picha kutoka pembeni, kikasogea, kikasogea tena, kikaiegemea boriti, na boriti ikarudi nyuma kwa adabu. Kilikuwa na vifungo vinne vya shati, na cha tano kilikuwa kimeshajiuzulu.

Wote watatu wakageuka kumtazama Mwalimu Wagdi, ila hakuna aliyemtazama usoni.