Kizimba cha Arobaini na Moja

Soko jipya lilipokwisha kujengwa, karani aliamua kugawa vizimba kwa kura, asije akalaumiwa na mtu. Bi Mwanate, aliyeuza udi na marashi langoni mwa soko la zamani kwa miaka ishirini, alitia mkono kwenye sufuria ya vikaratasi akatoa arobaini na moja. Kizimba hicho kilikuwa kule nyuma kabisa, kando ya karo la kuoshea samaki.

"Hazikuchanganywa hizi!" alisema.

Karani akakubali. Vikaratasi vyote vikarudishwa, sufuria ikatikiswa, na Bi Mwanate akatoa arobaini na moja. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mara ya tatu alimwomba Kombo, muuza pweza, amtolee, maana mkono wake mwenyewe ulikuwa na nuksi. Kombo akatoa arobaini na moja, akaona haya, kisha akatoa ya kwake mwenyewe: namba moja, langoni.

"Mwanangu, nani kanipangia haya?" Bi Mwanate alimwuliza karani.

"Hakuna, mama. Laiti angekuwapo, ningekupeleka ukamtukane."

Asubuhi ya kwanza alipanga chupa zake huku magamba ya samaki yakimrukia. Mteja akasimama, akainamia chetezo cha udi, akanusa kwa muda mrefu.

"Mama, pweza wamekwisha?"

Bi Mwanate aligeuza shingo. Kule langoni, wanawake watatu waliojipamba kwa harusi walikuwa wamemzunguka Kombo, na yeye alikuwa akiwaonyesha pweza.