Dua ya Korongo na Dua ya Kobe

Zama miungu walipokuwa wakisema na wanyama katika misitu ya Bara Hindi, korongo Vimala alivunjika bawa, na ndege wenzake wakamwacha. Kobe mzee, Dharu, ndiye aliyemlisha konokono ukame wote, hata ziwa likakauka na yeye mwenyewe akawa hoi.

Vimala akasimama kwa mguu mmoja, akafunga na kuomba, mpaka mungu wa mvua akamtokea.

"Omba jambo moja," akamwambia, akitaka kumjaribu. "Nikuponye bawa?"

"Bawa liache, Bwana. Mpe maji Mzee Dharu. Bila yeye ningekuwa mifupa mitupu."

Mungu akainamisha kichwa. "Umechelewa, binti yangu. Alfajiri hii, ulipokuwa umezama katika dua, naye aliniomba. Alisema nichukue uhai wake uliobaki, nikuponye wewe."

Vimala akajaribu bawa lake. Likakunjuka, zima kabisa. Akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Ombi lako bado lipo," mungu akasema. "Sasa wataka nini?"

Vimala akatazama tope lililopasuka. Vyura walikuwa wakihema humo.

"Lete mvua, Bwana. Mzee wangu amekwenda, lakini hawa wana kiu."

Mvua ikanyesha kutwa. Vyura wakaimba, na Vimala akabaki kando ya gamba la Dharu, akilowa.